Redio ya Mtoto

Intisari alijikwaa kwenye kizingiti cha mama mkwe wake akiwa na sufuria ya mboga ya mulukhia mikononi, akaanguka kifudifudi, na mchuzi wa moto ukamwagikia mkono wake wa kulia. Hajati Fawkia aliruka kutoka kwenye kochi kama msichana.

"Jina la Mungu!" alipiga kelele. "Jina la Mungu juu yako, mwanangu, na juu ya dada yako!"

Kisha akampita Intisari pale chini, akaenda kumshika Marwa tumbo.

Marwa hakuwa ameanguka. Marwa alikuwa amekaa kwenye kochi la pili, miguu juu ya mto, anamenya mbegu za tikiti. Alikuwa ameshtuka tu.

Katika mji wa Bani Suwef hata mtoto anayejifunza kutembea anayajua maneno yale. Mtu akianguka, aliye karibu humtajia Mungu, yeye pamoja na dada yake. Maana kila binadamu ana dada yake chini ya ardhi, aliyezaliwa naye saa moja, anayelala anapolala na kuamka anapoamka, na ukianguka huenda umemwangukia. Hutajwa wote wawili kwa pumzi moja, haraka, kama mtu anayefunga mlango kabla vumbi halijaingia. Hakuna anayemsalimu dada huyo peke yake. Ana wivu yule. Tangu siku ya kwanza mwenzake alipewa jua na yeye akapewa giza, na hajasahau.

Intisari alibaki na shavu juu ya kigae. Mkono ulimwaka, lakini roho ilimuuma zaidi. Miaka tisa alikuwa ameolewa na Ragab, mtoto mkubwa wa nyumba ile, akipika, akifua, akipanda na kushuka ngazi za ghorofa tatu, na tumbo lake halijawahi kubeba kitu. Marwa aliolewa na Shaban, mdogo wake Ragab, juzi tu, na sasa hata akishtuka anatajiwa Mungu.

"Basi jina la Mungu juu yako wewe, dada yangu," Intisari alinong'ona kwenye kigae, kwa hasira, midomo ikigusa sakafu. "Angalau sisi wawili tujuliane hali, maana hatuna mtu."

Kigae kilikuwa baridi. Kisha chini ya kiganja chake kikapata joto kidogo, kama godoro ambalo mtu ametoka kulilalia sasa hivi. Alidhani ni mchuzi.

"Inuka, Intisari," Hajati alisema. "Unamtia mwenzako hofu. Na hiyo mulukhia, umeimwaga yote?"

"Imebaki kidogo, mama."

"Basi mpe Marwa. Sisi tutakula jibini."

Jioni Marwa alipanda ngazi zote hadi juu, anahema, na tumbo lake la miezi saba mbele. Alileta dawa ya meno, akampaka Intisari mkononi palipobabuka.

"Mama yetu hana akili nzuri, dada," alisema. "Umeungua wewe, halafu maji ya waridi nanyweshwa mimi! Nilitaka kucheka, nikaona aibu."

Intisari alimshukuru. Afadhali angekuwa mbaya. Mtu mbaya unaweza kumchukia na ukalala vizuri.

Wahenga walisema asiye na mwana aeleke jiwe. Intisari alilea njiwa, kwenye mnara wa mbao juu ya paa, na walikuwa wakila mahindi mkononi mwake. Kesho yake asubuhi alipowapelekea chakula walirudi nyuma wote kwa pamoja hadi kwenye ukuta, wakamtazama kwa jicho mojamoja, na hakuna aliyesogea mpaka alipoondoka.

*

Shaban alikuwa Kuweiti akitengeneza viyoyozi, na huko alimpa mtu aliyekuwa akirudi nyumbani mashine ya kumletea Marwa. Ilikuwa kisanduku cheupe chenye spika, kioo kidogo cha tarakimu, na waya uliobeba kichwa cha mviringo mfano wa kipaza sauti. Dukani inaitwa dopla. Hajati aliipa jina la redio ya mtoto, na likakaa.

Kila siku baada ya sala ya adhuhuri Marwa alijilaza kwenye kochi la Hajati, akajipaka jeli, akapitisha kile kichwa chini ya kitovu, na simu ikiwa wazi kwa Shaban. Mwanzoni ulitoka uvumi wa upepo. Kisha moyo ukapatikana, twa-twa-twa-twa, haraka haraka, kama mtu anayetwanga bizari kwenye kinu kidogo na mgeni keshabisha hodi.

"Huyo!" Shaban alikuwa akisema huko Kuweiti. "Simba wangu huyo!"

Daktari Nirmini wa kliniki hakuipenda. Alimwambia Marwa kwamba mashine hiyo katika mikono isiyoijua inaweza kuokota mapigo ya mama mwenyewe, ukadhani ni ya mtoto. Mtoto akipunguza kucheza, usikae unasikiliza redio, njoo upesi. Marwa alirudi akasimulia huku anacheka.

"Madaktari hawapendi mtu ajue kitu bila wao," Hajati alisema, na habari ikaishia hapo.

Sauti ile ilipanda kwa ngazi. Intisari aliisikia akiwa jikoni kwake ghorofa ya juu, hata akifungulia bomba, hata akiimba.

Betri ziliisha siku chache baada ya mulukhia. Marwa alimwomba amnunulie mpya atakapokwenda sokoni, akampa na mashine yenyewe ili azijaribu. Naye Intisari akanunua, akapanda moja kwa moja hadi kwake. Ragab alikuwa kazini kwenye kiwanda cha saruji. Ilikuwa saa ile ya mchana ambayo maduka yameshusha milango, mbwa wamelala chini ya magari na mji mzima umefumba macho. Azijaribu wapi, kama si kwenye tumbo?

Alilala kitandani akajipaka jeli. Upepo. Akasikia chakula chake kikinguruma, akajicheka kwa uchungu. Akasogeza kichwa cha mashine kushoto kidogo.

Twa-twa-twa-twa.

Aliitupa ile mashine kama imemuuma. Kisha akaiokota. Akaiweka juu ya mto: upepo. Akaiweka kwenye paja: upepo. Akairudisha chini ya kitovu, na kile kinu kidogo kikatwanga, wazi, imara, na kioo kikaandika mia na arobaini na nane.

Mwanamke mwenye busara angeshuka ngazi anapiga mayowe. Lakini msomaji mwenye watoto asimcheke Intisari. Alilala pale machozi yakimwingia masikioni, akasikiliza mpaka adhana ya alasiri, na alipoirudisha mashine chini alikuwa ameifuta jeli vizuri, tena kwa leso mpya.

*

Tangu hapo aliitafuta kila mchana. Haikuwa kazi. Marwa alikuwa mzembe wa vitu, aliiacha kwenye kochi, kwenye kabati la vyombo, mara moja ndani ya kikapu cha vitunguu, na mchana alilala fofofo. Intisari alishuka bila viatu, akaichukua, akapanda.

Tumbo lilianza kuwa gumu. Alilegeza nguo kiunoni. Alipokuwa akichuja wali alisikia kisigino kidogo kikimsukuma kutoka ndani, akasimama na chujio mkononi mpaka wali ukapoa. Hakumwambia mtu. Furaha ilimjaa, na ndani ya furaha ile wivu haukuondoka, ila ulibadilika kidogo. Sasa akimtazama Marwa akishika tumbo lake, alikuwa akijiambia: jishike, jishike, hujui.

Ragab alimnusa shingoni akirudi kazini.

"Unanukia kama shamba lililofunguliwa maji."

"Ni vizuri au vibaya?"

"Shambani ni vizuri," Ragab alisema, akasogea upande wake wa kitanda.

Na ni kweli, harufu ilikuwapo, ya tope jeusi la mtoni lililolowa, tope la chini ambalo jua halijaliona. Ilikuwa kwenye mashuka. Ilikuwa kwenye bafu, ikipanda kutoka kwenye tundu la maji. Intisari aliiosha kwa sabuni na siki, nayo ikarudi kabla sakafu haijakauka.

Kisha ukaja mchana ambao alikuwa amelala kama kawaida, macho amefumba, kinu kikitwanga, na polepole akaanza kutambua kwamba chini ya kile kinu kulikuwa na sauti nyingine, nzito, ya taratibu, inayoingia na kutoka, akadhani ni pumzi yake, akaizuia pumzi yake asikilize, na ile nyingine ikaendelea kuingia na kutoka, ikaingia na kutoka, na godoro chini ya mgongo wake likainuka nayo na kushuka nayo, kana kwamba mtu amelala chini yake, mgongo kwa mgongo, kisigino kwa kisigino, kisogo kwa kisogo, mtu wa urefu wake hasa.

"Umempenda?" sauti iliuliza kwenye spika.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe. Hata ule mkwaruzo aliokuwa nao tangu utotoni ulikuwamo.

Intisari hakuweza kuinua mkono.

"Nimekuletea," sauti ilisema. "Yule ana mume wa Kuweiti, ana mama mkwe, akipiga chafya anatajiwa Mungu. Atafanya nini na kitoto hiki tena? Wewe ulinisalimu. Tangu tuzaliwe hakuna aliyenisalimu mimi peke yangu. Nimechukua kidogo kidogo, hata hajui. Kimebaki kidogo."

"Kidogo cha nini?" Intisari alinong'ona, ingawa alikwishajua.

Spika ilirudi kuvuma upepo. Kwenye shuka, pale alipolala, palikuwa pamelowa umbo lake lote, mikono na miguu, na alipokunja shuka vidole vyake vilichafuka udongo mweusi.

*

Kesho yake adhuhuri Marwa alihangaika sana na redio. Aliizungusha huku na huku, upepo mtupu, mpaka Hajati akaanza kutaja majina ya mawalii. Mwishowe kitu kikapatikana upande wa chini. Twa. Twa. Twa. Polepole. Kioo kikaandika themanini na mbili.

"Huyo hapo!" Marwa alisema, akapumua. "Siku hizi analala sana. Tangu juzi hachezi, mvivu kama baba yake."

"Mbona kapunguza mwendo?" Shaban aliuliza kwenye simu. "Ameajiriwa serikalini?"

Walicheka. "Huo ni moyo wa kiume," Hajati alisema. "Mzito, wa mtu mzima."

Intisari alisimama mlangoni na sinia la chai. Aliyakumbuka maneno ya daktari. Moyo ule haukuwa wa mtoto, ulikuwa wa Marwa mwenyewe. Na ndani ya tumbo lake yeye kisigino kikapiga, kwa nguvu, mara mbili, mpaka vikombe vikalia juu ya sinia. Angesema neno moja tu, Marwa angekuwa kwenye gari. Neno moja, na kinu chake kingenyamaza milele.

"Chai inapoa," alisema.

Alipokuwa akipanda ngazi mkono ulimshika kifundo cha mguu. Alikuwa Umm Zakaria, ameketi kwenye ngazi anavuta sigara, anapumzika kabla ya kumwona Hajati. Zamani alikuwa mkunga. Ragab na Shaban wote walipita mikononi mwake. Siku hizi aliosha maiti wa kike, na alikuwa akipenda kusema kwamba mikono ni ile ile, mlango tu ndio tofauti.

"Simama, binti," alisema. Hakucheka kama kawaida yake. Alimwekea Intisari kiganja tumboni, akakiondoa upesi, akakifuta kwenye gauni. "Baridi. Ulimsalimu nani?"

Intisari alitaka kudanganya. Alishindwa.

"Nilianguka," alisema kwa sauti ya chini. "Hakuna aliyenitajia Mungu. Nikamtajia yeye."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Umm Zakaria alizima sigara kwenye ngazi, taratibu, mpaka ikavunjika. "Na mke wa shemeji yako, mtoto wake anacheza?"

Intisari aliangalia chini, na mwanamke yule akatikisa kichwa.

"Nisikilize. Mlango alioingilia ndio atakaotokea. Nenda kwenye kizingiti kile, mbele ya watu, umtaje Mungu juu ya Marwa na mtoto na dada zao. Wa kwako usimtaje. Na useme kweli yote, kwa mdomo wako, maana wivu uliofichwa ndio chakula chake."

"Na mimi nitabaki na nini?"

"Na ulichokuwa nacho."

"Nilikuwa sina kitu!" Intisari alisema, na sauti ikampanda, akaifunika kwa mkono. "Umm Zakaria, huyu anacheza. Namsikia. Je, nisipofanya?"

"Utamzaa. Lakini huko." Alinyoosha kidole chini, kwenye kigae. "Na wewe utamfuata ukamnyonyeshe. Fanya haraka. Na tangu leo mtu yeyote asimtaje dada yako, umenielewa? Akitajwa tena atajua ameitwa. Ukianguka, anguka kimya."

Intisari alicheka, cheko kavu. "Hilo lisikutie hofu. Nani hunitajia mimi?"

*

Hakulifanya papo hapo, na hilo lazima lisemwe. Alipanda kwake akajifungia, akalishika tumbo kwa mikono miwili. Alikuwa bado ameketi hivyo Marwa alipogonga, uso umemvimba kidogo, ameshika bakuli la pudingi ya wali.

"Nimekukosa leo, dada. Una nini? Umeninunia?"

"Kichwa tu."

"Kula." Marwa alijitupa kwenye kiti. "Nimegombana na mama yetu. Nimemwambia siku ya saba, kwenye sherehe ya mtoto, wewe ndiye utakayetwanga kinu. Weee! Amegeuka rangi. Ati haifai, mwanamke asiye na mtoto asipige kinu kwenye sikio la mtoto mchanga. Nikamwambia, basi na mimi siruki huo ungo atakamolazwa mtoto. Nani aliyenipakia mizigo yangu siku ya kuhamia? Nani ananifulia? Sauti ya kwanza ya kumwamuru mwanangu itakuwa yako. Na umwamuru asinisumbue kwa kulia, maana mimi napenda usingizi, unanijua."

Alicheka, kisha akaweka mkono tumboni.

"Dada, kweli mtoto anaweza kulala siku mbili?"

Alikuwa anaogopa. Alikuwa ameogopa tangu juzi, na amepanda ngazi zote zile kuja kuuliza kwake, si kwa mwingine. Intisari alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu Marwa aingie nyumba ile aliona aibu kubwa kuliko wivu.

"Twende chini," alisema. "Chukua redio. Mpigie Shaban."

Walishuka. Hajati alikuwa anachambua dengu, Umm Zakaria kando yake. Intisari alisimama kwenye kizingiti, hakuingia.

"Mama, huo moyo mlioucheka leo si wa mtoto," alisema. "Ni wa Marwa mwenyewe. Wa mtoto upo hapa."

Alipandisha gauni mbele yao wote, akabandika kile kichwa kwenye tumbo lake.

Twa-twa-twa-twa. Chumba kizima kilijaa.

"Huyo!" Shaban alipiga kelele kwenye simu, kwa furaha, kutoka Kuweiti. "Huyo ndiye mwanangu! Huyo ndiye simba! Mbona mchana mlinipa yule mvivu?"

Dengu zilikuwa zimemwagika. Marwa alimtazama Intisari kama mtu aliyeona mkono wake mwenyewe ukitembea mezani peke yake.

"Nilikuonea wivu," Intisari alisema. Alilia sasa, wazi, makamasi yakimshuka. "Nilikuonea wivu mpaka nikamwita aliye chini, akaniibia hiki kwako. Nimekisikiliza. Nimekipenda. Nilijua tangu mchana na nikasema chai inapoa."

Alipiga magoti, akaweka kiganja chenye kovu kwenye kigae.

"Jina la Mungu juu yako, Marwa, na juu ya dada yako. Jina la Mungu juu ya mwanao, na juu ya dada yake."

Akaishia hapo. Akasubiri. Ndipo kilipoanza kutoka, na hakikutoka kama maumivu ya uzazi yanavyosimuliwa, bali kama maji yanavyoliacha shamba, kikishuka kutoka tumboni hadi mapajani, hadi magotini, kikiburura kila alichokitumaini tangu aolewe, na kinu kikishuka nacho kwenye spika, twa-twa-twa, hafifu, hafifu zaidi, sasa hakitoki kwenye spika bali kwenye sakafu, na harufu ya tope ikapanda mpaka Hajati akajiziba pua kwa shela, na katikati ya uvumi wa upepo ile sauti yenye mkwaruzo ikauliza, kwa wivu uliokuwa mkubwa kuliko wa Intisari, kwa wivu wa mtu aliyeonyeshwa jua mara moja tu kisha mlango ukafungwa:

"Na mimi? Mbona mimi hunitaji?"

Intisari aling'ata mdomo mpaka ukatoka damu. Hakumtaja.

Sauti ilikatika. Na pale pale Marwa akapiga yowe, akajishika ubavu, kwa sababu alikuwa amepigwa teke kutoka ndani.

Walimkimbiza hospitali kwa gari la jirani. Alipasuliwa usiku ule, akatoka mtoto wa kiume, mdogo, wa rangi ya samli, na sauti kama ya paka aliyekanyagwa. Daktari Nirmini aliuliza ni nani aliyegundua kwamba mashine ilikuwa inaokota mapigo ya mama. Marwa akasema ni dada yake.

*

Mtoto alikaa hospitali muda, kwa hiyo siku yake ya saba haikuwa ya saba, ila hakuna aliyejali. Nyumba ilijaa wanawake. Mtoto aliwekwa ndani ya ungo sakafuni, amefungwa vitambaa, chumvi ikarushwa pembe zote, na Marwa akamruka mara saba huku akishika kovu lake la operesheni na kulalamika kila mruko.

Hajati hakuwa amemsemesha Intisari tangu siku ile. Alimwachia chakula kwenye ngazi. Lakini Marwa alikuwa ameapa, na kinu cha shaba kiliteremshwa kutoka juu ya kabati, kile kile kilichotwangwa kwenye masikio ya Ragab na Shaban. Hajati alikifuta mwenyewe kwa shela, akakitazama kidogo, akamkabidhi Intisari.

Intisari alichuchumaa kando ya ungo. Tumbo lake lilikuwa tupu, na alilihisi kila alipoinama. Akapiga mchi. Shaba ikalia.

"Msikilize mama yako!" aliimba, kama inavyoimbwa. "Usimsikilize baba yako!"

"Eti nini?" Shaban alifoka kwenye simu, na wanawake wakaangua kicheko.

"Msikilize bibi yako! Mwache mama yako alale!"

Marwa alipiga vigelegele. Mtoto alikunja uso, akapepesa macho. Intisari alitwanga kwa kasi zaidi, na moyoni akasikia kitu kikimlainika, si furaha, lakini ni jamaa yake furaha. Hata Hajati alikuwa anatabasamu.

Aliinua mchi apumzike, na kinu kikaendelea.

Kilitwanga chini ya vigae, moja kwa moja chini ya ungo, haraka haraka, kama mtu anayetwanga bizari. Intisari alitazama huku na huku. Wanawake walikuwa wanagawana karanga na pipi. Hakuna aliyesikia, ila mmoja. Ndani ya ungo mtoto alikuwa amegeuza kichwa chake kidogo, polepole, mpaka sikio likalala kwenye ungo, na uso ukatulia kama wa mtoto anayeitwa na mtu anayemfahamu.

"Nisikilize mimi," sauti yake Intisari, ile yenye mkwaruzo, ilikuwa inaimba huko chini. "Usimsikilize mama yako wa juu."

Mchi ulimponyoka. Ulimwangukia mguuni, ukaviringika, naye akayumba akaanguka ubavu, kiganja kikapiga kigae.

Hajati Fawkia aliinuka kwenye kochi kama msichana. Safari hii hakumpita. Alipiga magoti, akamkumbatia mkwe wake kwa mikono miwili mbele ya wanawake wote, akamkandamiza kichwa kifuani, na macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Mama, usiseme," Intisari alinong'ona. "Mama, tafadhali, usiseme..."

Lakini ulimi wa Hajati ulikuwa na miaka sitini ya mazoea, na moyo wake ulikuwa umeona aibu muda mrefu.

"Jina la Mungu juu yako, mwanangu," alisema, kwa upendo, kwa sauti ya kusikika nyumba nzima. "Juu yako, na juu ya dada yako."

Chini ya sakafu, kinu kilinyamaza. Kigae kilichokuwa chini ya kiganja cha Intisari kikaanza kupata joto.